Lali Anatafsiri Kikorea

Lali hajui Kikorea. Hata asante yake haijui.
Lakini Ijumaa usiku, chumba namba tisa, hosteli ya Barani, Malindi,
watu kumi na wanne juu ya vitanda viwili vya chuma,
yeye ndiye mdomo wa Seoul nzima.

Kompyuta imeegemezwa kwenye ndoo ya maji.
Feni inazunguka kama mtu aliyelazimishwa.
Viazi karai vimeisha, umebaki ukwaju
na kila kidole kimeshapita humo.

Kijana wa kwenye filamu yuko uchi, dirishani, ghorofa ya tatu,
kajisitiri kwa kifuniko cha sufuria,
na sufuria yenyewe ilikuwa ndogo.
Lali anamsemea, sauti ya puani:
"Jamani watu wa Maweni, nipokeeni!
Nazi nimekuna, tui sijachuja,
na mwenye jiko ndiye huyo anakuja!"
Tukacheka mpaka chaga la kitanda likakatika.
Thoya akapaliwa. Mtu akampiga mgongoni kwa kitabu cha anatomia,
nacho kikafunguka penyewe, penye ukurasa ule
ambao mafuta ya viazi yameshaufanya kioo.

Nywele za bandia za mkuu wa bweni zikaelea kwenye supu.
Lali: "Pweza! Leo kuna pweza!"
Msichana wa soksi ndefu akamzaba mchumba kofi.
Lali: "Hilo ni rehani. Kesho nakuja kulikomboa."
Wallahi sijasikia Kiswahili kitamu kama kile,
na waliokisema hawakijui.

Kisha filamu ikageuka.
Haikupiga honi.
Yule yule wa soksi, ukumbi mrefu, kiti cha plastiki,
fomu, kalamu iliyofungwa kwa uzi.
Jina la kwanza akaliandika. Nafasi ya pili akaiacha wazi.
Midomo yake ikasogea.
Sote tukamgeukia Lali.
Lali akafungua kinywa, akakifunga.
"Anasema... ngojeni kidogo, mtandao."
Mtandao gani? Filamu ilikuwa kwenye flashi.

Sauti ikatoka mlangoni.
Nyevu, kanga ya kuogea begani, mswaki mkononi,
sijui amesimama hapo tangu lini.
"Anasema ana njaa.
Wamemkataza kula tangu jana.
Anauliza choo kiko wapi.
Anasema nyumbani wanajua yuko kwenye mtihani.
Sasa muuguzi anamuuliza, nani atakurudisha?
Naye anasema, yuko nje, anatafuta pa kuegesha gari."
Akanyamaza kidogo.
"Nje hakuna mtu."

Feni ilizunguka.
Kila ilipocheza midomo ya yule msichana
Nyevu aliisemea, polepole, bila kukosea,
kama anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe.

Mimi niliinamia bakuli la ukwaju.
Mwezi wa Julai nilituma elfu nne na mia tano kwa simu.
Nikaongeza na ya kutolea, nikajiona muungwana.
Siku yenyewe nilikuwa Watamu, kwenye mechi.
Tulishinda. Nilibebwa juu juu.

Mwishoni vichekesho vilirudi, maana ndiyo kazi yake:
kijana wa kifuniko akaangukia keki.
Lali hakutia neno.
Wakasema Kikorea kitupu, nasi tukakisikia kwa mara ya kwanza,
lugha ya watu, ina pumzi zake.

Nyevu alikwenda kuoga. Mfereji ulikuwa umekauka,
tukasikia kopo likikwaruza chini ya pipa.
Nikaichukua ile ndoo iliyoshikilia filamu,
kompyuta nikailaza sakafuni, bado inacheza,
nikaibeba ndoo mpaka mlango wa bafu.
"Nani?" akauliza.
Na mimi, niliyekizungumza Kiswahili kabla ya kuota meno,
nikageuka nyuma, namtafuta Lali.