Kitakwenda Wapi?

Arobaini ya mama ilipokwisha kule Telavi
tuligawana vyombo bila kugombana,
jambo ambalo majirani hawakulitarajia.
Dada yetu Mzevinari alichukua sufuria za shaba,
mimi nikapata mazulia na picha ya mtakatifu,
na Jumberi, kaka, akaomba cherehani.
Hajui hata kutunga uzi kwenye sindano.
Alitaka tu ule mlio, alisema,
uliokuwa ukimbembeleza alale.

Cherehani cha chuma, cheusi, cha mkono,
maua yake ya dhahabu yamefutika
pale kiganja cha mama kilipozoea kupita.
Tulikibeba watu wawili tukihema,
tukakikalisha kiti cha nyuma
kama mgeni wa heshima.

Dumu la mvinyo tulilifunga mkanda.
Chupa za achari tulizivika blanketi,
nikazibana katikati ya miguu yangu,
maana kioo huvunjika, nani asiyejua.
Mzevinari akaja na kamba ya kuanikia nguo:
"Na hicho?"
Jumberi akacheka. "Ni kizito.
Kitakwenda wapi?"

Njia ya Gombori imejikunja kama utumbo wa kondoo.
Tulikuwa tukizungumzia bei ya zabibu.
Baada ya kona ya saba, au ya nane,
ng'ombe alikuwa amesimama katikati ya lami
akicheua, hana haraka na mtu.

Jumberi akakanyaga breki.
Gari likasimama.
Cherehani hakikuambiwa.

Sikukiona kikija. Nilisikia upepo
karibu na sikio, kisha kishindo
ambacho si cha chuma na si cha mfupa,
kisha vifungo,
vifungo vya mama vya kwenye kidroo,
vikidondoka juu ya dashibodi, kimoja kimoja,
kama mvua inayoanza kwa kusitasita.

Chupa za achari hazikupata hata ufa.
Dumu lilikaa kwenye mkanda wake
kama abiria mwenye adabu.
Ng'ombe akavuka.

"Vidole viwili zaidi kushoto," daktari alisema,
akavionyesha, vya kwake, vyembamba,
asimalizie.

Watu hudhani kitu kizito ni kitulivu.
Kimetulia, ndiyo, huku kikiweka hesabu
ya mwendo wote uliokikopesha,
na siku ya kurudisha
hakirudishi kwa awamu.

Sasa kiko sebuleni kwa Jumberi, Tbilisi.
Nimekizungushia kamba ile ile ya nguo, mafundo matano,
ingawa nyumba haitembei.
Hunicheka. Namwacha acheke.
Kisha mkewe humwita kutoka jikoni
na yeye, ili aitike,
hugeuka mwili mzima,
mabega, kiuno, miguu,
kama mlango.