Shimo Namba Kumi na Saba

Tulianza kuchimba saa mbili asubuhi, mimi na Zsombor,
nyuma ya banda la kondoo la Bi Etelka,
kwenye tambarare ya Hungaria isiyo na kilima
wala kisingizio.
Sepetu ilipita nyasi, ikapita vumbi la kijivu,
kisha ikagota, ikalia kama imegonga kigae.
Zsombor akatema mate: "Hii si ardhi, ni sakafu."

Chini ya vumbi zilisimama nguzo,
nguzo za mfinyanzi, bega kwa bega,
kila moja na upara mweupe,
kama mikate iliyosahauliwa tanurini.
Nikapima: sentimita tisa hadi thelathini na nne.
Mizizi inafika juu ya vipara, inapapasa,
inageuka.
Kwenye fomu pana kisanduku cha mizizi.
Hapana kisanduku cha kugeuka.

Bi Etelka akaja na kigoda, kisha akakidharau,
akaketi ukingoni, miguu inaning'inia shimoni.
"Huyo ni baba," akasema.
Sikuelewa. Akanyoosha kidole kwenye mfereji mkavu.
"Aliuchimba yeye, mwaka ule wa mpunga.
Shamba lilipokufa, kijiji kizima kilimjua muuaji.
Mazishini walikuja watu saba,
na wawili walikuwa wachimba kaburi."

Nikajaza mifuko mitano. Nikaandika namba. Nikafunga kamba.

Maabarani hakuna baba wa mtu.
Udongo hukaushwa, hupondwa, huchekechwa,
hukorogwa na maji, huachwa utulie.
Magadi: kipimo tisa nukta sita.
Katika kila viti mia vya mfinyanzi,
sodiamu imekalia thelathini na nane,
na chokaa imesimama nje.
Udongo wa hivi ukilowa huvimba, hujifunga;
mvua hukaa juu yake
kama mgeni aliyebisha hodi hadi akachoka.

Kisha madaftari ya Mwalimu Vencel,
miaka thelathini na mmoja ya kipimamvua,
hakuruka siku, hata harusi ya bintiye:
*Milimita nne. Bibi harusi kalowa.*
Nikajumlisha, nikagawanya.
Mvua kwa mwaka: mia tano na tisa.
Mvuke unaoondoka: mia saba na tisini.
Mbingu za huku hukopesha kidogo, hudai kingi.
Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa;
jua la Julai huyazoa,
huyavuta kutoka chini tone kwa tone,
likaacha chumvi kwenye kila kitundu.

Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli,
mwalimu alikuwa akipima pia kisima chake.
Kabla ya mfereji, maji mita tatu chini.
Miaka sita baadaye, mita moja na sentimita sitini.
Nikalifunga daftari. Nikalifungua tena.

Oktoba nikarudi na ripoti.
Nikamwambia: nguzo zile hazijengwi na mfereji.
Zinataka karne nyingi, labda maelfu ya miaka.
Chumvi ilikuwepo kabla ya jembe,
kabla kijiji hakijapewa jina.
Alinyamaza. Ningeweza kuishia hapo,
nikanywa chai yake, nikaenda zangu.
"Lakini?" akauliza.
Lakini maji yalipanda
mita moja na sentimita arobaini.
Hayo ni ya mfereji.

Akasimama taratibu.
Akaweka kiganja hewani, akakipandisha kutoka ardhini,
goti, kiuno, kikasimama begani.
"Basi kosa lake lina kimo hiki," akasema.
"Miaka yote hii
nilidhani linanipita kichwa."

Nikatoa kalamu, nikaandika aina: solonetsi.
Akaniomba, kwenye nafasi ya maoni,
niandike Ambrus, kwa herufi kubwa.
Nikaandika.
"Sasa lifukieni hilo shimo," akasema,
"kondoo wataanguka."