Mwendo wa Isevya

Nyanzala alishika sauti ya juu, Tausi ya kati,
mimi ya chini kabisa.
Shangazi zangu walisema nimemeza ngoma.

Santuri ilikuwa moja, ya Waingereza wanne,
iliachwa na fundi wa reli aliyehamishiwa Itigi
pamoja na deni la sukari dukani kwa Kapaya.
Mkanda wa gramafoni ulikwisha choka.
Hatukujua.
Tuliamini Uingereza huimbwa hivyo,
polepole, asali ya Sikonge asubuhi ya kipupwe
ikibembelezwa itoke kibuyuni.

Maneno tuliyashona kwa masikio.
Mahali fulani penye kuagana
Tausi alisikia "magodoro",
nasi tukayaimba magodoro harusi baada ya harusi,
ndani ya magauni ya kitambaa cha pazia,
tukialika vidole kwa pamoja,
na watu wazima wakalia.

Jana Doto, mjukuu wa Nyanzala, kaleta simu.
Vijana wa London, suti za enzi zetu,
nywele zinang'aa mafuta,
wamezaliwa juzi, wanauimba ule ule.
Mbio!
Kama kuku waliomwagiwa maji.
Nyanzala akauliza, "Wanakimbilia wapi?
Treni ya Mpanda haijapiga hata honi."

"Bibi, ndivyo ulivyo.
Mashine yenu ndiyo iliyokuwa ikichechemea."

Nikaanza kuhesabu harusi. Nikaacha.
Ningemwambia Tausi, lakini Tausi
tulimzika msimu wa masoko ya tumbaku,
na tangu hapo mimi na Nyanzala tukiimba
katikati hubaki pengo la jino,
ulimi haukomi kulipapasa.

Doto akabonyeza kitu.
Vijana wakapunguza mwendo,
wakaja, wakaja,
mpaka wakafika Isevya.
Ila simu haikushusha sauti;
ikabidi nipande, mimi wa chini,
na magoti yangu haya.
Yule mwembamba wa katikati, tai imempinda,
akakaa palepale alipokaa Tausi.
Hakujua. Alikuwa amefumba macho.

Penye kuagana akatamka vizuri, kama inavyotakiwa.
Sisi tukasema magodoro.