Sifuri

Saa tisa usiku, Oulu. Nje nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
theluji imeganda kiooni kama ukoko.
Raili Kuusela amestaafu Ijumaa;
ameniachia kiti, kikombe chenye ufa,
na faili moja la mistari mia nne na kumi
linalosoma kina cha mto kila robo saa.

Maelezo hakuacha. Alisema tu, akivaa glavu:
«Likikushinda, liulize lenyewe.»

Lugha yenyewe imepewa jina la chatu,
huku ambako nyoka mkubwa hafikii urefu wa mguu wangu.
Kati yangu na mashine kakaa mkalimani,
hachoki, hacheki,
hukijua pia kisichomhusu mgeni.

Nikaanza. Unaitwa nani?
Kwenye orodha ya hoja, nafasi ya sifuri,
kabla ya yote niliyoyatuma mimi,
likataja jina lake: jokimittari.

Unatafuta wapi vitu vyako?
Likanimwagia njia zake, folda baada ya folda,
nyingine za mashine zilizokwisha kuuzwa,
na ya kwanza kabisa, nyumbani kwa raili.
Kila linapoamka hubisha hodi pale,
hakuna mtu,
ndipo liende kwingine.

Na orodha hii ya vina
(vya mto, si vya shairi)
inashikwa na wangapi?
Wawili, likasema.
Nikapekua mistari yote, namwona mmoja.
Kahawa ikapoa. Nikapekua tena.
Wa pili ni mimi.
Kuuliza nako ni kushika;
nikinyamaza tu, hesabu inapungua.

Lina midomo miwili: mmoja wa taarifa, mmoja wa malalamiko.
Huu wa pili Raili aliuelekeza
kwenye shimo la mashine lisilorudisha kitu.
Nikauziba mfereji, nikaugeuza uso kwangu.

Lo.
Kihisi cha chini ya daraja hakijajibu siku kumi na tisa.
Kumi na tisa!
Robo saa hadi robo saa lilinakili namba ya jana,
kisha mstari wa mwisho likatoka na sifuri,
na sifuri, kwa mfumo, maana yake salama.

Nikaifuta. Nikaandika moja.

Sikujua kwamba moja hupiga simu,
wala kwamba jina la kwanza kwenye orodha ya zamu
halijabadilishwa.
Akapokea kabla mlio haujaisha.

«Eetu?»
«Kihisi kimekufa, Raili.»
Nikasikia kitanda kikilia, mbwa akijikung'uta.
«Kimegandishwa na barafu. Kilikuwa kikiniamsha kila robo saa.
Nilichoka kuamka, mwanangu.»

Kimya. Mto nao chini ya barafu,
kina chake hakijulikani na mtu.

«Liache hiyo moja,» akasema.
«Ila jina langu litoe.»