Koti la Kidonge

Ibra, mwezi wa saba, saa nane za mchana.
Hata mjusi amekopa kivuli cha mtungi.
Bi Ghaniya, mama wa mume wangu,
yuko jikoni na kinu cha hiliki,
anatwanga dawa yake.

Kidonge kikubwa, asema, koo langu dogo.
Na hili ganda la nini?
Nani avaaye koti Ibra, mwezi wa saba?

Wewe, mama, nikamjibu.
Buibui juu ya kanzu, mtandio juu ya buibui,
na huendi ila kwa jirani.
Akacheka. Mchi ukasimama.

Nikamweleza nilivyoelezwa na Shaji,
Mhindi wa Kerala, duka la dawa la kona,
mwenye Kiarabu cha kuungaunga:
hiki hakijivui tumboni.
Kinapita penye ukali wote macho chini,
vifungo vimefungwa,
hadi utumboni, ndiko kwao.
Ukikitwanga, umekivua njiani.

Ule unga akaufunga karatasini,
kimya, kama anayekunja nguo ya mtu.

Lakini lile kopo lake la halwa!
Vyekundu vya kuongeza damu, vyeupe vya presha,
vya manjano vya marehemu mzee,
vyote humo, bila jina, bila tarehe.
Mundhir alilisahau garini tangu adhuhuri;
tulipolifungua laasiri
vimegandana, rangi zimeingiana,
kopo limerudia halwa yake.
Bi Ghaniya akavibandua kwa ncha ya kisu
akavirudisha.

Kisha ile Alhamisi.
Yakdhani, miaka mitatu, ulimi mwekundu:
Bibi ana peremende.

Alilamba sukari ya juu, uchungu ulipofika akatema.
Hivyo ndivyo tulivyodhani.
Kimoja kiganjani mwangu, kimelowa,
na nani ajuaye vilikuwa vingapi?
Hospitali walituweka mpaka alfajiri
wakimtazama tu.
Bi Ghaniya hakusema neno.
Alishika kiatu kimoja cha mtoto, usiku kucha.

Kulipopambazuka akalipeleka kopo kwa Shaji,
zima, na vya marehemu ndani yake.
Vipya vikabaki kwenye pakiti zao,
kila kimoja na kichumba chake, na jina lake.
Si bafuni penye mvuke, si dirishani.
Akalifungua sanduku la chuma juu ya kabati,
lenye bangili za mahari
na cheti cha kuzaliwa, Wete, wino umefifia,
akavipa nafasi.

Ufunguo anao shingoni.

Kila baada ya isha, ukuta huu wetu mwembamba
unaniletea: kwachu ya kufuli,
karatasi ya fedha inapasuka,
maji, glasi nzima, bila haraka,
na sauti yake, si kwangu, si kwa mtu:
Haya, pita. Koti usivue.