Namba Arobaini na Saba

Sura yako siijui. Yangu ulipelekewa kwa picha.
Walinisimamisha kwenye mchanga wa Namkonda,
mpiga picha akasema, "Tabasamu, Somoe,"
nikatabasamu nimefumba mdomo
maana jino la mbele lilishaanza kuoza
na mjomba alinionya: picha haisahau.

Ubavuni mwangu baiskeli, buluu,
imebandikwa namba: arobaini na saba.
Arobaini na sita walichukua wenzangu.
Ya arobaini na nane wanaijua waliotia saini.

Toka kwetu hadi sekondari ya kata ni kilomita kumi na moja,
sita kati yake mchanga,
mchanga ambao baiskeli ndiyo humpanda mtu.
Nikajifunza kuibeba begani kama mgonjwa.
Mwezi wa sita, mikorosho ikipuliziwa salfa,
nafika darasani nyusi za njano.
Mwalimu Chinguile ananiangalia:
"Wewe, umekuja kusoma au kupulizia?"

Nasikia ripoti yenu iliandika: msichana amefikishwa shuleni.
Haikuandika kwamba msimu ule baba aliiazima,
akapakia magunia mawili usiku kuwapelekea kangomba,
rimu ikapinda kama ukwaju,
nami wiki nzima nikaenda kwa miguu.
Simlaumu. Fedha ile ndiyo iliyonunua sare.

Choo, hapo mlipatia.
Choo chenye mlango, mlango wenye komeo.
Siku nne za kila mwezi nilizokuwa nazipoteza
zilinirudia kama kuku uliodhani wameliwa na kicheche.
Tangi lilijaa mara moja, mvua ya kwanza,
kisha koki ikavunjika.
Spea haikuwepo Tandahimba,
Mtwara mjini wakasema iagizwe kwenu.
Tukarudi kwenye ndoo. Komeo likabaki.
Nashukuru kwa komeo.

Desemba nilichezwa.
Mgeni wenu mmoja aliliandika hilo chini ya "vikwazo",
hakukaa hata usiku mmoja.
Nyakanga alinivika ushanga, akaniambia,
"Hesabu siku zako, mwali. Asiyejua kuhesabu huhesabiwa."
Ndiyo hesabu ya kwanza niliyoielewa bila kupigwa.
Lakini sitakudanganya:
tulitoka mwalini kumi na wawili,
Januari darasani tulikaa saba.
Dawati la Asumini tulilijaza mabegi
lisionekane tupu.

Kidato cha tatu gari jeupe halikuja.
Mkuu wa shule alitusomea barua gwarideni:
mradi umefikia ukomo.
Neno zuri, ukomo.
Kama vile watoto wa kike nao
wangeacha kuzaliwa ifikapo robo ya nne.

Kibao bado kipo njia panda.
Kutu imekula jina la nchi yenu, imeacha
KWA HISANI YA WATU WA
basi, hakuna zaidi.
Watoto wakipita humalizia wanavyotaka:
watu wa Mahuta, watu wa mwezini, watu wa kwa bibi Sijaona.

Mimi sasa karani wa mizani, chama cha msingi.
Kila kilo ya korosho inakatwa shilingi thelathini, za bweni.
Wazee wananuna, wananiuliza nazila mimi?
Nawageuzia daftari wasome.
Anayeshindwa kusoma nasoma kwa sauti,
polepole, hadi senti ya mwisho,
naye hukaa kimya, kisha huuliza mjukuu wake ataingia lini.
Kuta zimefika kwenye linta. Bati bado.
Ukitaka kuleta bati, lete,
ila safari hii njoo na spea,
na ukae msimu mmoja, utupulizie.

Na kama picha ile bado ipo ukutani kwako,
achana na tabasamu.
Tazama mkono wa kushoto: nimebana breki.
Pale palikuwa na mteremko,
na nyuma yangu hakuna aliyekuwa ameshika.