Kikombe Kisicho na Sikio

Ghorofa ya tatu, Kisutu. Lifti ilikufa
tangu enzi za foleni za sukari.
Nimepanda na kinasa sauti, dodoso la kurasa tisa,
na swali nililolipiga pasi usiku kucha
lisije likamkwaruza mtu:
katika kaumu yenu, bibi, nani huoa wapi?

Jamnaben anacheka kwa meno aliyobakiza.
Kiswahili chake ni cha kaunta ya duka.
"Wewe uliza moja kwa moja. Nataka jua
nani alikataliwa."

Kisha anahesabu kwa vidole, kama anayechambua dengu:
wauza vitambaa hawamwozi binti kwa sonara,
sonara hamwozi kwa washona viatu,
na washona viatu, hao wa ngazi ya pili, jengo hilihili,
nao wana wa kuwakataa, usidhani.
"Tulivuka maji na masanduku mawili.
Moja la vyombo. Moja la hayo."

Binti yake Hemlata, mwaka sitini na nane,
alibadilishana vitabu vya hesabu na kijana wa ngazi ya pili.
Vitabu tu. Ndani ya kimoja, asumini iliyokauka.
Mwezi haujaandama mara ya pili, picha yake iko Porbandar
ndani ya bahasha ya bluu.
"Mtoto wa kiume akipotea, kapotea yeye.
Binti akipotea, tumepotea wote."

Naandika. Napigia mstari.
Naona raha ya mwizi aliyekuta mlango wazi:
sura yangu ya nne hiyo, ukuta mzima,
na tofali zake ni mabinti.

Nyamizi analeta chai.
Mimi napewa kikombe chenye ua la dhahabu.
Chake kiko kibarazani, juu ya tangi la maji,
cha bati, rangi imebanduka, sikio limevunjika.
Hakuna aliyenionyesha. Macho yangu yalikijua.

"Achari," anasema Jamnaben, kana kwamba nimeuliza,
"siku zangu nilikuwa sigusi. Siku tatu kila mwezi
nalala mkekani kando ya stoo, mama mkwe
anasukuma sahani kwa mguu. Ningegusa chupa, embe zingeoza."
Zilioza kweli?
"Nani angethubutu kujaribu?"
Feni inakata hewa vipande vipande.
"Mara moja. Mwaka wa uhuru. Niligusa usiku.
Tulizila mpaka Machi."

Nyamizi ananisindikiza na ndoo ya taka.
Kinasa sauti nimeshakizima,
na kwenye ngazi ndipo maneno hushuka.
"Siku za bibi zilikatika zamani," anasema.
"Sasa anagusa achari, anagusa miungu, anagusa kila kitu.
Mimi zangu, dada, zinakatika lini?"

Dodoso halina kisanduku cha swali hilo.
Nilitaka kumwambia kwamba kwetu sisi,
lakini ulimi ukapita Magomeni Mapipa,
jikoni kwa mama, nyuma ya mlango:
sahani ya plastiki ya kijani, kijiko chake ndani.
Ya Zamoyoni hiyo, usiilie.
Sisi tusio na kaumu. Mimi niliyepata alama ishirini kwa ishirini
kwenye insha ya usawa wa binadamu,
nikaenda kuisoma mbele ya shule
kwa sare aliyoipiga pasi Zamoyoni.
Siku moja nilirudi na njaa, vyombo vyote vichafu,
ile ya kijani peke yake safi.
Sikuilia.

Usiku, Mlimani, nasikiliza tena.
Kati ya sauti yangu na ya bibi
kuna mlio mdogo ambao mchana haukunifikia:
bati linatuliwa juu ya saruji, polepole,
na mtu aliyezoea kutosikika.
Narudisha nyuma. Kwenye nakala naandika: kelele.
Nafuta.
Naandika: Nyamizi.

Halafu natafuta ubini wa Zamoyoni,
miaka sita tulilala chumba kimoja,
na mkono unabaki juu ya karatasi.